Jiko Halina Nywila

Tata yangu ana duka la agroveti hapa Gatongora, na kwa miaka minne alikuwa akiliendesha kwa kompyuta. Nasema alikuwa kwa sababu Jumatatu moja asubuhi, siku ambayo wafugaji wa kuku hupanga foleni mlangoni maana chakula kimeisha wikendi, aliwasha mashine akakuta ukurasa mweupe wenye maneno mawili na namba ya simu. Akaunti imesimamishwa.

Alinipigia mimi. Kwenye familia yetu mimi ndiye "mtu wa kompyuta", cheo nilichopewa nikisomea mambo hayo na ambacho sikuvuliwa hata nilipoacha chuo mwaka wa tatu nikaanza kuandika makala za kulipwa kwa neno. Nikapiga ile namba. Jamaa aliyepokea alikuwa na adabu sana. Akanieleza kwamba kampuni yao imehamia mpango mpya, kwamba ada ya mwezi sasa ni karibu mara tatu ya ile ya zamani, na kwamba barua pepe ya kutujulisha ilitumwa. Enyewe ilitumwa: kwenye anwani ambayo fundi wao alimfungulia tata siku ya kwanza, na ambayo tata hajawahi kuingia hata mara moja. Nikamwambia sawa, hatutaki mpango mpya, tupatie tu rekodi zetu. Wateja, madeni, stoki. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kutoa rekodi ni kipengele kilicho kwenye mpango mpya.

Soma hiyo tena polepole. Yule mzee mwenye deni la magunia kumi ya chakula cha kuku wa mayai, yule mama aliyechukua dawa ya kupe akaahidi kulipa mwisho wa mwezi, wote walikuwa ndani ya mashine ya watu wengine, na ili tata ajue nani anadaiwa nini dukani kwake mwenyewe, ilibidi alipe kwanza. Akakaa kwenye kile kiti chake cha plastiki nje ya duka, akaniuliza swali ambalo kwa miaka mitatu ya mihadhara hakuna aliyewahi kuniuliza: "Kwani hiki kitu nilinunua ama nilikodi?"

Alikuwa amekodi, na hakuambiwa. Makala haya ni hasira yangu kuhusu hilo, lakini ni hasira yenye hoja.

Hoja yangu ni hii. Biashara ya Kenya inayoweka kumbukumbu zake kwenye programu iliyofungwa, bila njia ya kutoka nazo, inajenga nyumba kwenye ploti isiyo na hati. Na sisi wa Ruiru, ambao kila mmoja wetu anamjua mtu aliyelipia ploti akaja kugundua ina wenyewe wengine watatu, hatupaswi kuhitaji somo kuhusu hati.

Programu huria ni programu ambayo msimbo wake uko wazi, na leseni yake inakupa ruhusa nne: uitumie kwa kazi yoyote, uisome uone inavyofanya kazi, uibadilishe, na uigawe, iwe vile ulivyoipata ama vile ulivyoibadilisha. Haisemi kwamba ni bure. Unaweza kulipia usimikaji, mafunzo, seva, fundi wa kuja Jumapili. Tofauti ni kwamba huyo fundi akikusumbua, unamfuta kazi yeye na programu inabaki.

Najua picha inayokujia ukisikia habari hizi. Wazungu wenye ndevu, skrini nyeusi, kijana wa chuo anayekulazimisha kutumia Linux. Wacha hiyo. Twende Kamukunji.

Mapema miaka ya 1980 kulikuwa na kazi ya kutafuta jiko la makaa ambalo halimalizi gunia haraka. Serikali ilikuwamo, wafadhili walikuwamo, shirika la KENGO lilikuwamo, na mbunifu Max Kinyanjui anatajwa sana katika hadithi hiyo. Wazo la msingi halikuwa letu. Lilitoka Thailand, kwenye jiko la umbo la ndoo lenye udongo ndani. Hapa likachukuliwa, likajaribiwa, likageuzwa: mabati kwa nje, kiuno chembamba katikati, na kikombe cha udongo wa kuchoma kwenye nusu ya juu tu ili jiko lisiwe zito mno. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo na Kamukunji wakafundishwa kulitengeneza. Na hakuna mtu aliyelifungia kwa hataza.

Matokeo yake unayo jikoni kwenu, ama kwa nyanya yako. Lile jiko lenye kiuno limeenda kila soko la nchi hii. Limevuka hadi Uganda, Tanzania na Rwanda. Ethiopia walilichukua wakaligeuza lao wakaliita Lakech. Sisi tulichukua kutoka Thailand, wao wakachukua kutoka kwetu, na hakuna aliyeishiwa na kitu.

Watu wa biashara, hapa ndipo nataka mtege sikio. Kuacha jiko wazi hakukuua biashara, kulizalisha biashara kadhaa mahali ambapo kungekuwa na moja. Kuna anayefinyanga na kuchoma vikombe vya udongo peke yake, hagusi mabati. Kuna anayekata mabati ya mapipa yaliyozeeka. Kuna anayeunganisha viwili hivyo. Kuna mwenye lori, kuna mwenye kibanda. Kila mmoja ana familia inayokula kwa hilo jiko, na hakuna kati yao anayemlipa mtu ada ya mwezi ili aendelee kujua kazi yake. Fikiria umbo lile lingekuwa mali ya kampuni moja yenye kiwanda kimoja. Lingekuwa bidhaa nzuri ya duka la jumla, na nyanya yako angebaki na lile la zamani.

Uwazi ulikuja na ubaya wake na sitauficha. Kwa sababu kila mtu aliweza kutengeneza, wengine walitengeneza takataka. Vikombe visivyoiva vizuri hupasuka mapema. Ndiyo maana ukienda kununua, mtu mzima aliyeshawahi kuumia hugonga udongo kwa kidole na kusikiliza kabla ya kutoa pesa. Lakini angalia alichofanya hapo: alikagua. Jiko liko wazi, linaonekana, linagongeka. Programu ya tata haikuwa na mahali pa kugonga.

Kuna mfano mwingine ulio karibu zaidi, uko hapa hapa Ruiru kwenye kituo cha utafiti wa kahawa. Mwaka 1985 kituo hicho kilitoa aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, inayostahimili ugonjwa wa matunda na kutu ya majani. Kazi kubwa, ya umma, ya kujivunia. Ila Ruiru 11 ni chotara. Mbegu yake hupatikana kwa kuchavusha maua kwa mkono, na ukipanda mbegu uliyoichuma kwenye mti wako hupati mti ule ule. Kwa hiyo mkulima alilazimika kurudi kwenye chanzo kila mara, na kwa miaka mingi mbegu hazikutosha wote waliozitaka. Mwaka 2010 ikatoka Batian. Hiyo huzaa sawa na mama yake, kwa hiyo mbegu zake ni rahisi zaidi kuzalisha kwa wingi, na kitalu hakihitaji watu wa kupaka chavua ua kwa ua.

Sisemi wanasayansi wa Ruiru 11 walikuwa na nia mbaya. Baiolojia ndiyo iliwafunga. Programu haina baiolojia. Kunakili programu hakuhitaji brashi wala chavua, ni sekunde chache. Kwa hiyo mtu akikuuzia programu isiyoweza kuzaa, isiyoweza hata kukurudishia orodha ya wadeni wako, jua kwamba si maumbile. Mtu alikaa kwenye kiti akaamua.

*

Sasa wacha niongee na watakaosema kwamba majiko na kahawa ni mifano ya shamba, kwamba kazi nzito inahitaji mifumo mizito yenye mwenyewe.

Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot nje ya Eldoret, rekodi za wagonjwa zilianza kuwekwa kwenye kompyuta kwa kutumia Microsoft Access. Ulikuwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, ule uliokuja kuzaa AMPATH. Mradi wa Ukimwi ulipokua, wagonjwa wakawa wengi kuliko mfumo ulivyoweza kubeba. Kutokana na shida hiyo ikaanza mwaka 2004 kazi ya kujenga OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa, na kufikia 2006 ulikuwa ukitumika Eldoret. Kutoka hapo umeenda nchi nyingi duniani. Hapa nyumbani KenyaEMR, inayotumika katika mamia ya vituo vya afya, imejengwa juu yake. Takwimu za afya za nchi nzima nazo, tangu 2011, hupitia DHIS2, mfumo huria uliotoka Chuo Kikuu cha Oslo. Hayo si majaribio ya vijana. Ni wagonjwa halisi, dawa halisi, kila siku.

Kisha linganisha. Mwezi Machi 2025, ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali iliyoangalia mfumo mpya wa kidijitali wa bima ya afya, wenye thamani ya shilingi bilioni 104.8, ilisema kwamba serikali haiumiliki mfumo huo. Umiliki na haki zote za ubunifu ziko kwa muungano wa kampuni zilizoujenga. Nchi iliyokuwa mahali pa kuzaliwa OpenMRS, nchi yenye vijana wanaojua kuisoma na kuibadilisha, ilikaa mezani ikasaini makaratasi ya kukodi. Tata yangu ana kisingizio: alidanganywa na kijana mwenye kadi ya biashara na viatu vilivyong'arishwa. Serikali ina mawakili.

Pingamizi la pili nalijua kwa moyo, nimelisikia kwenye kila mazungumzo. M-Pesa je? M-Pesa imefungwa kabisa na ndiyo ubunifu mkubwa kuliko wote tuliowahi kutoa. Kweli. Ilianza Machi 2007 na haijawahi kuwa huria. Lakini kumbuka mambo mawili. La kwanza, hadi 2015 seva za huduma hiyo, ile tunayoiita fahari ya Kenya, zilikuwa Ujerumani. La pili, kwa miaka mingi kijana aliyetaka duka lake la mtandaoni lijue mteja amelipa alilazimika kuunganisha simu na kompyuta na kuandika programu ya kusoma SMS za malipo moja baada ya nyingine. Mtandao ukipotea, biashara imelala. Safaricom ilipofungua Daraja mwaka 2017, ikawapa watengenezaji njia rasmi ya kuunganisha mifumo yao, vitu vikachipuka kila mahali, na kila kilichochipuka kiliongeza miamala ya M-Pesa yenyewe. Daraja si programu huria. Kufunguliwa lango si kupewa shamba. Ila hata ufunguzi huo mdogo ulimfaidi aliyefungua. Mfano wenu unanisaidia mimi.

Pingamizi la tatu ni la pesa: nikiweka kazi yangu wazi nitakula nini? Ni swali la haki na mimi ninayelipwa kwa neno siwezi kulicheka. Jibu ni kwamba watu wanakula, tena wanashiba. Red Hat ilijenga biashara juu ya Linux, ambayo mtu yeyote anaweza kuipata bila kulipa, na mwaka 2019 IBM ikainunua kwa dola bilioni 34. Frappe, kampuni ya Mumbai iliyotengeneza ERPNext, hutoa programu nzima ya hesabu, stoki na mishahara kwa leseni huria, kisha inauza seva na msaada kwa wasiotaka kujihangaisha. Mteja hulipia jambo ambalo fundi wa gereji ameuza siku zote: mtu anayejua mashine, anayepokea simu, anayekuja. Hakuna fundi pale kwenye gereji za barabara ya Thika anayemiliki mchoro wa injini ya Probox. Lakini Probox ikigoma Kamakis usiku, unajua utampigia nani, na unajua ukichoka naye kuna mwingine mita mia mbele.

Na kama mwenye programu huria akigeuka? Anaweza, na wamegeuka. Machi 2024 wenye Redis, hifadhidata inayotumiwa na mifumo mingi mikubwa, walibadilisha leseni ili kuwabana watumiaji wakubwa. Siku chache baadaye watengenezaji wakachukua toleo la mwisho lililokuwa huria wakaliendeleza kwa jina Valkey, chini ya Linux Foundation, na kampuni kubwa zikahamia upande wao. Mwaka uliofuata Redis yenyewe ikarudisha leseni huria. Ndiyo maana ya hati mkononi. Mwenye nyumba alipandisha kodi, wapangaji wakasema asante, tuna ramani, tutajenga hapo jirani. Tata hakuwa na ramani.

*

Hadi hapa nimewapiga wauzaji na serikali, na najua msomaji wa hapa anapiga makofi. Sasa tujigeukie sisi.

Sisi tunakula bila kuosha vyombo. Kampuni changa unazozijua, zile zenye viti vya rangi na kahawa ya bure, zinasimama juu ya Linux, PostgreSQL, Python, Android. Ondoa programu huria kesho na hakuna hata moja inayowaka. Wangapi wamewahi kurudisha hata sahihisho moja? Wangapi wamewahi kumpa mfanyakazi wao siku moja kwa mwezi atengeneze kitu ambacho kampuni inakitumia bila kulipa? Nilipofanya kazi ya miezi michache kwenye ofisi moja ya aina hiyo, nikiandika maneno ya tovuti yao, niliona mhandisi akirekebisha kasoro kwenye maktaba ya programu iliyo huria. Akauliza kama anaweza kuituma kwa wenyewe ili wengine wafaidike. Bosi akamwambia hiyo sasa ni mali yetu. Mali yetu! Mistari sita juu ya kazi ya bure ya watu elfu.

Tabia hii ni ya ubahili, lakini kwa biashara ni mbaya zaidi ya hapo: ni hatari. Mwaka 2014 lilipogunduliwa tundu la Heartbleed kwenye OpenSSL, programu inayolinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya siri ya intaneti, dunia ikashangaa kujua kwamba mradi ule ulikuwa ukipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Benki zilikuwa zimejificha nyuma ya mlango unaolindwa na watu wachache waliochoka. Mwaka 2024 ikarudi kwa sura nyingine: kwenye programu ndogo iitwayo xz, iliyokuwa ikitunzwa na mtu mmoja aliyelemewa, alikuja "msaidizi" aliyejipendekeza kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, kisha akapenyeza mlango wa siri. Aligunduliwa kwa sababu mhandisi Andres Freund aliona mashine yake inachelewa kama nusu sekunde kuingia, akaanza kuchimba. Nusu sekunde! Kwamba alichimba akaona ni kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Kwamba mlango uliwekwa ni kwa sababu biashara zote duniani zilimwacha mtu mmoja abebe gunia peke yake.

Inaniuma zaidi kwa sababu sisi tuliwahi kuwa upande wa wanaotoa. Januari 2008, nchi ikiungua, Ory Okolloh aliandika akiomba wanaojua kompyuta watengeneze ramani ya yanayotokea. David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wengine wakaitikia, na ndani ya siku chache Ushahidi ikawa hewani. Waliiita kwa Kiswahili na hawakuomba radhi. Kisha wakaiweka huria, na Haiti ilipotetemeka Januari 2010, watu waliokuwa mbali kabisa na Nairobi waliichukua wakaitumia kutafuta waliofukiwa na wenye njaa. Neno letu lilienda mahali ambapo hakuna aliyejua linatamkwaje, kwa sababu hakuna aliyehitaji kuomba ruhusa.

Baadaye pesa za wawekezaji zilikuja na lugha yake, na tukajifunza kuita ukuta "faida ya ushindani". Siku hizi kijana akipata wazo Gatongora, kitu cha kwanza anachotafuta ni mkataba wa siri wa kukusainisha kabla hajakuambia. Unasaini, anakuambia, na wazo ni programu ya kuagiza chakula.

Na mimi pia simo nje. Nilipoacha chuo nilikuwa na mradi, kamusi ndogo ya maneno ya kilimo kwa Kiswahili na Kikuyu ambayo ingesaidia watu kama tata kutafuta dawa bila kujua jina la Kiingereza. Niliifungia kwenye laptopu kwa sababu nilikuwa na hakika ningeiuza. Laptopu iliibwa kwenye matatu, pale Githurai. Kama ningeiweka wazi, nakala ingekuwa kwa mtu fulani leo. Wazo nililolilinda kuliko yote ndilo pekee ambalo limepotea kabisa.

*

Kwa hiyo naomba nini? Siombi kila mwenye kibanda ajifunze Linux. Naomba mwenye biashara, kabla hajalipa shilingi ya kwanza, amuulize muuzaji maswali matatu, kwa sauti, mbele ya shahidi. Nikitaka kuondoka, naondokaje na rekodi zangu zote, na zitakuwa katika faili ambayo programu nyingine inaweza kuisoma? Kampuni yako ikifa, nani mwingine anaweza kuichunga mashine hii? Ukipandisha bei, nina chaguo gani? Muuzaji wa programu huria ana majibu. Wa programu iliyofungwa anaweza kuwa nayo pia, wengine ni watu waungwana. Ayaandike kwenye mkataba. Akianza kukuonyesha jinsi rangi zilivyo nzuri, msindikize hadi barabarani.

Naomba kampuni zinazokula kwenye chungu hiki zirudishe kijiko. Siku moja ya mhandisi kwa mwezi. Sahihisho moja. Tafsiri ya Kiswahili inayosomeka, maana nyingi ya zile zilizopo zinasikika kama zimeandikwa na mtu aliyetishwa.

Na naomba serikali, ya kaunti na ya taifa, ikubali kanuni ambayo mtoto wa darasa la nne anaielewa: kilichojengwa kwa kodi yetu kiwe chetu, msimbo na yote.

Tata yuko sawa, kwa wanaouliza. Tulilipa mwezi mmoja wa mpango mpya kama mtu anavyolipa kikomboleo, tukatoa rekodi. Zilikuja kama picha za kurasa, si faili, kwa hiyo nilikaa wiki mbili nikiziandika upya moja moja. Katika zile siku za giza wateja wawili walisema walikuwa wamelipa. Hatukuwa na namna ya kubisha, tukasamehe, na mmoja hajawahi kutuangalia machoni tangu siku hiyo.

Tulinunua kompyuta iliyotumika kwa shilingi 18,000. Kijana mmoja wa Juja akasimika ERPNext kwa malipo, na huja mara moja kwa mwezi kuichunga, kwa malipo pia. Haikuwa rahisi. Skrini ina vitufe vingi mno kwa duka la ukubwa ule, stima ikipotea tunarudi kwenye kaunta buku, na mara mbili nimeamka usiku kupigana na nakala ya akiba iliyokataa kujihifadhi. Sitakudanganya kwamba ni raha.

Lakini kila Jumamosi jioni, kabla ya kufunga, tata huchomeka kidubwasha cha flashi, anasubiri, anakichomoa, anakitia ndani ya ile pochi anayowekea funguo na kitambulisho. Juzi nilimuuliza kama anajua ndani mna nini. Akaniangalia kama ninayeuliza swali la kijinga.

"Si ni duka," akasema.